Mke Wangu Amenikatia Mtutu wa Bastola

Mama Mshauri,

Nina miaka themanini na moja, nimezika kaka zangu wote, nimezika mbwa sijui wangapi, nilikuwepo siku tetemeko lile kubwa lilipobeba gati pamoja na nyumba ya baba, boti mbili zimezama nikiwa ndani yake na mimi nikatoka, kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu wa kulialia. Lakini haya yaliyonipata sijawahi kuyaona wala kuyasikia Alaska nzima, na kuandika kwenyewe si kazi yangu, shule niliikimbia mapema nikaenda kuvua.

Nina bastola. Kila mtu mtoni kwetu anayo kwa sababu ya dubu, ila hakuna mwenye kama yangu, mtutu inchi kumi, risasi nene kama kidole, ikilia watu wanasema, "Wendell huyo." Nimewahi kupiga kopo la kahawa ng'ambo ya mto kwa ile bastola, na kopo lenyewe halikuonekana tena. Hawa vijana wanaonunua za inchi nne nawauliza, "Hiyo ni bastola au kiberiti?"

Sasa nilikwenda mjini kutolewa mtoto wa jicho, nikarudi na kitambaa usoni, nikaichomoa bastola yangu niipanguse, mama yangu! Mtutu haupo! Kimebaki kisiki. Nikadhani ni jicho, nikainua kitambaa. Nikafumba hili nikafumbua lile, bado kisiki. Namuuliza mke wangu Verna, naye anapasua samaki wala hageuki, ananijibu, "Nilimpelekea fundi Orrin akaukata. Inchi nne zinakutosha, mzee." Kama mtu aliyepunguza suruali! Nikamwambia, "Mwanamke, umenikata mkono!" Akasema, "Mkono wako ulikwama kiangazi kilichopita, na mimi nilikuwepo."

Anachodai ni kwamba tulipokuwa tunasafisha samaki dubu jike alitoka vichakani akaja mbio, na mimi nikashindwa kuchomoa. Si kweli. Nilikuwa namsubiri asogee, mimi sipotezi risasi. Ni kweli mtutu ulikuwa umejishika kidogo kwenye mkanda wa begani wa suruali yangu ya mpira ya kuvulia, kwa kuwa ala ya bastola huwa naivaa kifuani chini ya mikanda isilowe, lakini nilikuwa nautoa, na ni kweli Verna aligonga kikaango na kupiga kelele hadi dubu akageuka, lakini mimi najua dubu yule aliniangalia machoni akaona huyu si mtu wa kuchezewa.

Sasa nalala kwenye kibanda cha kukaushia samaki, nanuka moshi mpaka mbwa hanitambui, na wiki ijayo ni safari ya kambini kuvua, na tangu tuoane hatujawahi kwenda mbalimbali. Nimemwambia mtutu usiporudi urefu wake sipandi naye boti moja. Akasema, "Basi nitakwenda peke yangu." Niagize mtutu mwingine wa inchi kumi, nimwache aende zake? Na kama unadhani naongeza chumvi, muulize Orrin Tveit, fundi wa bunduki, au jirani yangu Agafia Malutin, ambaye siku ya dubu alikuwa ng'ambo ya mto na aliona yote.

Wendell Haugstad

*

Mzee Wendell,

Pole na jicho. Pole na mtutu pia, maana kukata kitu cha mtu bila kumwuliza ni kosa, na Verna nimemwambia hivyo kwa simu bila kumung'unya maneno. Akanijibu, "Nilisema naye majira yote ya baridi. Akaongeza sauti ya redio."

Sasa wewe. Umenitajia mashahidi, nami nimewauliza. Orrin anasema mtutu mrefu ni wa mwindaji aliyetulia, ameegemeza mkono, mnyama yuko mbali na hana habari naye. Hapo unalenga vizuri na bastola hairuki sana. Dubu anayekuja mbio si kopo la kahawa. Unahitaji kitu kinachotoka kwa mkupuo mmoja, umevaa suruali ya mpira, mikono ina utelezi wa samaki. Hicho kifupi kitakurukia zaidi na kitakuziba masikio, kwa hiyo kajizoeze.

Halafu nikampigia Agafia. Alisema hivi: "Kusubiri gani? Alikuwa anaivuta ile bastola kama mtu anayeng'oa kisiki, na dubu keshafika kwenye meza ya samaki. Verna alikuwa nyuma ya mumewe. Akapita akasimama mbele yake, na kikaango."

Mbele yako, Wendell. Nimesoma barua yako mara mbili na hilo halimo.

Usiagize mtutu wowote. Toka humo kwenye moshi, oga, ingia ndani, na neno la kwanza utakalosema lisihusu inchi. Kile kipande Orrin bado anacho, kachukue ukitundike ukutani ukipenda. Ala uivae juu ya mikanda, hata kama italowa. Kisha panda boti na mke wako, na mkifika mtoni, safari hii wewe ndiye usimame mbele.

Wala usiniandikie kwamba umefanya. Nitamuuliza Agafia.