Bahasha ya Gundi ya Viatu

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa wangu, na kwamba goti lako limeacha kutabiri mvua. Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma humu. Nisamehe kwa kisu ulichotumia kufungua bahasha. Nimeibandika kwa gundi ya viatu, maana simwamini mjumbe aliyekuletea. Kama yuko mbele yako, mpe maji, kisha nenda ukasomee chumbani. Na usicheke kwa sauti, nakujua.

Mjumbe huyo ndiye mwenye nyumba wetu. Tunamwita Bwana Kufuli, kwa kuwa mpangaji akimuudhi, atarudi kutoka kazini akute kufuli jipya mlangoni na godoro lake uani. Nikisikia funguo zake zikilia, nyundo hunitoka mkononi. Sasa hivi amekaa kwenye kigoda cha wateja wangu, ananisubiri nimalize kuandika, na anatabasamu. Bora angenuna.

Nilipokuandikia kwamba nimepata vyumba hapa, sikukuambia yote. Bwana Kufuli hapangishi watu baki pamoja, anataka familia. Nasi tulikuwa watatu tuliobomolewa nyumba ya zamani: mimi, mzee fundi saa, na dobi, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko pasi yake. Basi tukawa familia palepale mlangoni: mzee akawa baba, sisi wawili kaka na dada. Uongo huo umetulea vizuri. Mzee hunigombeza kama mwanawe wa kumzaa, nami humsugua kifua akikohoa. Dobi husema supu yangu ingefaa kubandikia soli, na huimaliza.

Juzi Bwana Kufuli alinijia kwa heshima zote akasema anataka kumuoa dada yangu. Nikikataa, atauliza sababu. Nikisema kweli, ni kufuli, na mzee na kifua chake walale uani. Nikababaika kwamba neno la mwisho ni la dada yetu mkubwa, yaani wewe. Nikadhani nimeokoka. Akasema vizuri, ana safari ya kuja huko kwenu kununua mbao, barua ataileta mwenyewe. Mtego wa panya, dada, umeingia na wewe usiyekuwemo.

Nilipomweleza dobi, aliendelea kunyoosha shati langu. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, kama kweli mimi ni kaka yake. Badala ya kumjibu, nikainama kukaza kamba za viatu. Pasi ikabaki palepale mpaka moshi ukatoka, yeye ambaye hajawahi kuunguza hata leso ya mtu. Shati hilo nimelivaa sasa. Limeungua mgongoni, kwa hiyo nimeegemea ukuta, Bwana Kufuli asilione.

Nampenda, dada. Na mvi zangu hizi, neno hilo linanitisha kuliko funguo. Tangu utotoni wewe ndiwe uliyenisemea. Nisemee na hili. Mwambie Bwana Kufuli kwamba mama yetu alizaa wawili tu, nami sina dada mwingine ila wewe. Shemeji asimame karibu wakati unasema. Mzee keshafunga saa zake kwenye taulo. Anasema ya moyo wangu aliyajua siku nyingi, baba gani asiyejua ya wanawe. Bwana Kufuli akirudi atatukuta tumekaa juu ya mizigo, wote watatu, na mimi nitakuwa nimeshamjibu dobi aliyeniuliza.

Wabusu watoto. Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia gotini, mgongo ukutani, si kwamba nimesahau shule. Amesimama. Anataka barua yake.

Mdogo wako wa pekee,
Fundi Viatu