Niliwapita Wakwe Langoni Makusudi, Sasa Mchumba Ana Mwingine

Mpendwa mshauri Chesang,

Naomba unisaidie, na unisaidie upesi ingawa mimi si mtu wa upesi, maana mimi ni mchezaji wa kriketi wa kulipwa, mzaliwa wa Rhonda hapa Nakuru, na kazi yangu ni kurusha ule mpira wa kuzunguka wanaouita spin, ambao unaenda polepole, ukigusa chini unageuka, na yule mwenye gongo anabaki akipiga hewa watu wakimcheka, na nimeifanya kazi hiyo vizuri hadi klabu moja ya Nairobi ikanipa mkataba, na huku kwetu kukiwa na baridi mimi huwa Uingereza nikichezea klabu ya kijiji fulani ambako wazee wananiita profesa.

Katika kazi hii, mshauri, nimejifunza maisha. Wale warushaji wa kasi wanatoka mbio mbali, wanatoa jasho, wanapiga kelele, na kabla hawajazeeka magoti yameisha. Mimi natembea hatua chache, natabasamu, naachilia. Siri ni kwamba mpigaji asijue kamwe mpira unaelekea wapi, kwa sababu akijua amekumaliza, na nikaona hata binadamu ni vivyo hivyo, ukimwambia mtu ukweli wako moja kwa moja umempa nafasi ya kukupiga. Ndiyo maana mchumba wangu Wangare, mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa Longonot, akiniuliza kama nampenda namjibu, "Wewe unaonaje?" na akiniuliza tutaoana lini nasema, "Kuna siku," na alipopata nafasi ya kufundisha Nyeri akaniuliza aende ama abaki, nilicheka tu, akabaki, nikajua mbinu inafanya kazi.

Shida ilianza siku ya kwenda kwao kujitambulisha. Nilikodi gari, nikamchukua mjomba wangu, mzee Kipchirchir, pamoja na wazee wengine wawili, tukashuka kupitia Naivasha vizuri kabisa, na tulipofika Longonot nikamwona mama yake Wangare na shangazi zake wamesimama langoni na leso mpya, wameshaanza vigelegele, nikamwambia dereva, "Boss, usisimame. Twende mpaka Mai Mahiu."

Mjomba akashtuka. "Kipkemei, tumepita kwa watu!"

"Najua, mzee. Tulia."

"Wametuona! Yule mama amenipungia mkono!"

"Ndiyo vizuri."

Maana mpigaji aliyejitayarisha ndiye hatari, mshauri, nilitaka waingiwe na wasiwasi kidogo, ili tukitokea wafurahi tu kutuona, wasituulize mengi. Tukakaa kwenye kibanda cha madereva wa malori, mimi nikanywa chai kwa chapati, mjomba hakugusa kitu, na nilipoona muda umefaa tukarudi.

Vigelegele vilikuwa vimeisha. Nyama imepoa, mukimo umekauka juu. Baba yake Wangare, Mzee Waithaka, alitukaribisha bila kutuangalia usoni.

"Lile gari lililopita hapa mchana lilikuwa lenu?"

"Linafanana, mzee."

"Sawa. Kijana, mimi ni mkulima wa vitunguu, sijui kuzunguka. Unamtaka binti yangu ama humtaki?"

Nikajua wakati ndio huo. Nikatabasamu, nikasema, "Mzee, tuseme mpira bado uko hewani."

"Mpira gani?" Akamgeukia mjomba. "Mmekuja na mpira?"

Mjomba akakohoa. Wangare akainuka, akachukua sahani iliyokuwa mbele yangu, akaiweka mbele ya mjomba wangu. "Mzee, wewe kula na uongeze. Huyu bado yuko hewani." Shangazi zake walicheka hadi mmoja akatoka nje, na mjomba, damu yangu mwenyewe, akala sahani zote mbili, na tangu siku hiyo hashiki simu yangu.

Sasa ametokea daktari wa mifugo, Kiarie, anayetibu ng'ombe wa Mzee Waithaka, ambaye nasikia alisimama mbele ya mzee akasema kwa sentensi moja kwamba anataka kumwoa Wangare. Mtu hana hata mbinu! Jana Jumapili Wangare akanipigia simu: "Kiarie analeta wazee wake Jumamosi. Kama una neno, lilete wewe mwenyewe, na liwe moja." Nikamuuliza, "Wewe unaonaje?" Akakata.

Mimi naona amekasirika, na mpigaji akikasirika hutoka mbio kwenye mstari wake, akakosa mpira, akajitoa mwenyewe, kwa hivyo nafikiria kungoja hadi hiyo Jumamosi ipite. Lakini silali, mshauri, na mazoezini mpira wangu umekataa kuzunguka, unaenda moja kwa moja kama jiwe. Je, ningoje?

Kipkemei, Nakuru

*

Kipkemei,

Nimekusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Ungoje nini? Harusi ya Kiarie? Basi usiwe na wasiwasi, utaalikwa, watu wa Longonot ni wakarimu, na huenda siku hiyo wakakurudishia sahani yako.

Profesa, nikuulize swali ambalo wale wazee wa Uingereza hawajakuuliza. Ile mipira ya ujanja unamrushia nani? Mpinzani, sivyo? Mwenzako wa timu unamrushia taratibu, mkononi, audake. Sasa Wangare alikuwa timu gani? Msichana ameiacha nafasi ya Nyeri kwa sababu ya kicheko chako, amevumilia "kuna siku" zako zote, na wewe muda huo wote ulikuwa unamtegea kama mtu aliyekuja kukushinda. Mama yake amesimama juani na leso mpya akawapungia mkono, nawe ukaenda kutafuna chapati. Huo si ujanja. Ni ukosefu wa adabu uliovaa sare nyeupe ya kriketi.

Na Kiarie usimcheke. Unasema hana mbinu. Mbinu ya nini? Alikuwa na jambo la kusema, akalisema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Hata hivyo nakuonea huruma, kwa sababu najua kinachokuuma. Wewe ni mwoga. Mtu akisema "nakutaka" na akataliwe, hana pa kujificha. Akisema mambo ya mpira na hewa, akikataliwa anajiambia kwamba hata hakuomba. Lakini Kipkemei, kila wiki watu wanaupiga mpira wako hadi nje ya uwanja, mbele ya umati, na unarudi kurusha mwingine. Umeshapigwa sana na uko hai. Hili nalo halitakuua.

Sasa fanya hivi. Mwendee mjomba wako nyumbani kwake umwombe msamaha, lakini Longonot usiende naye, aibu uliyompa inamtosha. Nenda peke yako. Anza na mama yake Wangare, mfuate hata kama yuko jikoni, mwambie, "Mama, niliwaona langoni na nikapita makusudi. Nisamehe." Akikugombeza, nyamaza mpaka amalize. Kisha msalimie Mzee Waithaka, na mbele yake umwambie Wangare, "Nakutaka. Niliogopa kusema." Hapo hapo funga mdomo. Na usitabasamu, maana hilo tabasamu lako nimelichukia kabla ya kuliona.

Akikubali, mambo ya Kiarie mwachie ayamalize mwenyewe, wala usijaribu kumsaidia. Akikukataa, na ana kila haki, usimuulize anaonaje. Mpe mkono, sema asante, toka. Usimtumie ujumbe baadaye, usimtume rafiki, usipite karibu na shule anakofundisha. Mwanamke akisema hapana kwa sauti yake mwenyewe, hakuna kitu cha kutegua hapo.

Wala usithubutu kungoja hiyo Jumamosi. Safu hii hutoka Alhamisi. Leo ni Alhamisi, Kipkemei, na bado umekaa hapo unasoma gazeti.