Mama Theodora, Tumeficha Tena

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukuache makaburini tukarudi nyumbani.

Miaka kumi na tisa ulifanya kazi ya ustawi wa jamii kwa watu wanaokaribia kufa, kuanzia Nanganga hadi vijiji vya Newala. Watu walikuogopa. Bodaboda ikikushusha mahali, majirani walinong'ona, "Mama Edmund kaingia kwa nani leo?" Wewe ulivua viatu, ukakaa mkekani, ukamkanda mgonjwa miguu huku ukimchekesha. Uji wa watu uliunywa hata ukiwa umeungua.

Ndugu walikuvuta uani: "Usimwambie, Mama. Atakata tamaa."

"Ameshajua zamani," ulijibu. "Anawasubiri ninyi mseme, ili naye aage."

Tulikusikia ukisema hivyo mara ngapi! Lakini daktari alipotuita pembeni kuhusu uvimbe wako, tulikuambia ni vidonda vya tumbo. Edmund alikuwa Newala anapulizia mikorosho dawa. Tukamwambia unaendelea vizuri, amalize kwanza. Siku tatu ulimuulizia. Alipofika alikuta turubai la msiba limeshafungwa uani. Hajatusamehe hadi leo, na hatumlaumu.

Sasa ni Baba. Amekonda, Mama. Akiinuka anashika ubavu, na ugali anaumega tu, hali. Jumanne tulimpeleka hospitali, tukaitwa pembeni tena, tukaambiwa habari kama ile ya kwako. Wakati wa kurudi aliuliza, "Wamesemaje?"

Flora akamjibu, "Uchovu tu, Baba, na umri."

Baba alitutazama mmoja mmoja, kama ulivyotutazama wewe siku zile.

Safari hii Edmund tumemwita mapema, yupo nyumbani. Tumekaa vikao viwili, na kila mtu anamsukumia mwenzake. Midomo imetushinda, ndiyo maana tumeandika hapa gazetini. Tangu jana Flora ameficha miwani ya Baba, asije akaliona gazeti hili akiwa peke yake. Leo tukitoka kwenye ibada ya kukukumbuka atamrudishia, na tutakaa naye mpaka amalize kusoma.

Wanaokukumbuka ni wanao Edmund, Flora na Zabroni, mkweo Anselmo, mjukuu wako Huruma, na mumeo mpenzi Kasiani.

Hatutakusahau kamwe, Mama.

Na wewe Baba, ukifika hapa, inua macho. Tupo.