Vidole Vilivyogoma Dirishani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mimi sijambo, nakula, nalala, na homa ya mwezi uliopita imekwisha. Nisalimie mjomba, umwambie redio yake sijaisahau. Bado iko kwa fundi, na fundi bado ana maneno mengi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikata kauli kabla sijafika katikati, nami ningepata pa kutorokea. Kwa hiyo kaa kitako, usome mpaka mwisho.

Mambo ya viza yalianza vizuri. Chuo, kama unavyojua, kilishakubali kunisomesha ufundi wa mashine za hospitali, gharama zote juu yao, mradi niripoti kabla ya tarehe mosi. Pasipoti ninayo, barua ya chuo ninayo, picha ya kifua imetoka safi, na zile picha ndogo ambazo ukitabasamu wanakurudisha nilipiga mara mbili. Ilibaki barua ya mwajiri na alama za vidole. Vidole nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Basi mama, vidole viligoma. Niliviweka kwenye kioo cha mashine, dada wa dirishani akatazama kompyuta yake, akaniambia nifute nirudie. Nikafuta. Akanipa spiriti, nikafuta tena. Mara ya nne nikamwambia labda mashine yao ni mbovu. Akamwita bwana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, na vyake vikakubali papo hapo. Ndipo akaigeuza mikono yangu, akaitazama, akaniuliza nafanya kazi gani. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika karani. Nikamjibu kwamba nyumbani naosha sana vyombo. Akasema hata yeye anaosha vyombo. Alinipangia nirudi baada ya wiki tatu, akanionya kwamba vikigoma tena faili langu litarudishwa, na tarehe mosi itanipita nikiwa hapa hapa.

Kazini nilimweleza msimamizi. Akasema mistari ya vidole huliwa na sabuni, lakini ngozi ikipumzishwa hurudi, akanitoa kwenye maji na kuniweka kukunja mashuka makavu. Mwenzangu mmoja, tunamwita Mama Mapacha, alichukua zamu zangu za beseni juu ya zake, na kila jioni alinipaka mafuta ya mgando vidoleni huku akinitania kwamba nimekuwa bibi harusi. Lakini nilipomwomba msimamizi aandike kwenye barua kwamba mimi ni karani, alikataa katakata. Alisema ataandika anachokijua, na kwamba fomu na barua zikipishana, viza ndiyo basi.

Nadhani umeshasimama hapo kwenye beseni. Ni kweli, mama. Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya wagonjwa, mwaka wa tatu huu. Sikuanza kwa uongo. Miezi minne ya mwanzo nilikuwa karani kweli, nikiandika mashuka yanayoingia na yanayotoka, kisha nafasi ile ikafutwa, nikaambiwa nichague beseni au kwetu. Siku naondoka nyumbani uliniambia, “Mikono yako isije ikaingia kwenye beseni la mtu.” Ningekuambiaje? Kila nilipokuja likizo nilikuamkia nikiwa na mizigo mikono yote miwili, usije ukanishika.

Na hilo si baya zaidi. Kwenye fomu ile kuna mahali pa kuandika kazi ya mzazi. Nilikuandika mfanyabiashara. Niliona aibu, mama. Nilimwonea aibu mtu aliyenisomesha kwa kufua.

Siku ya kurudi niliomba fomu mpya. Kwangu nikaandika dobi, na kwako nikaandika dobi. Dada wa dirishani akaisoma, akasema angejua mapema angenishauri nipumzishe mikono kabla ya kuja. Vidole tisa vikakubali, kimoja bado kinanuna, wakapokea hivyo hivyo. Juzi nimepewa viza.

Nilipotoka pale nilikumbuka siku ya kitambulisho chako, mimi nina miaka tisa, nimeshika gauni lako. Karani alikuambia ufute, ubonyeze tena, na tena, watu nyuma yetu wakacheka. Nawe ukacheka, ukamwambia mashine yao ni mbovu. Miaka yote hii nimeamini kwamba ilikuwa mbovu.

Jumamosi nakuja kuaga. Mizigo nitaiacha mlangoni kabla sijakuamkia. Ukiwa na hasira, zihifadhi mpaka nifike. Wape salamu majirani wote, hata yule wa ng'ambo ya ukuta aliyesema sitafika popote.

Hapa chini nimechovya kidole gumba kwenye wino nikakibonyeza pembeni ya sahihi, uone mistari imerudi. Ukiweza, bonyeza chako pembeni yake. Hata kisipotoa alama, acha hivyo hivyo. Karatasi hii nitasafiri nayo.

Mwanao, kifungua mimba wako,
binti wa dobi.