Panya alikula mugongo ya upinde

Jumapili. Jua kali, hakuna upepo. Ziwa imetulia kama haikufanya kitu. Mimi siko sawa. Naandika juu sina mutu wa kuambia.

Upinde imevunjika.

Naanza mwanzo, labda kuna mutu anasoma na hajui. Binti yangu Espe njo alinifungulia hii page mbele ya kwenda Bujumbura. Aliniambia, baba, andika kama unavyosema. Basi nasema.

Bibi yangu Konsolata, mama ya Espe, alikufa mwaka jana, ugonjwa ya tumbo. Nyuma ya hapo maji ya ziwa ikapanda mupaka ndani ya nyumba. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo. Ilianguka kama mukate ndani ya chai. Siku ya kutoa vyombo, telefone ya zamani iliniponyoka ndani ya maji. Picha zake zote zilikuwa humo. Sasa sura yake naibeba kwa kichwa tu, na kichwa yangu siyo nzuri. Kuna siku nasahau ni jino gani ilikuwa imetoka.

Ilibaki muti moja, mupera, nyuma ya jiko. Mbegu yake Konsolata alitoka nayo ukimbizini Tanzania, amefunga kwa kitambaa. Maji ikauzunguka, majani ikawa manjano, ukakauka umesimama. Watu wakaanza kuukata kwa kuni. Nikaingia maji mupaka kiunoni na panga, nikatoa shina moja imenyooka kidogo, refu kunipita kichwa.

Ya kufanya nini? Mbao haitoki, ni nyembamba. Mimi siyo fundi. Kitu moja tu najua kufanya na muti, upinde. Baba yangu alinifundisha tukiwa wakimbizi. Yeye alitumia muti ya pori, ile yenye hapa kwetu iko tu kwa pori ya Kigwena, lakini hapo sasa ni rezerve ya serikali, ukikata wanakufunga. Mupera hakuna mutu hapa anafanya upinde nayo. Mupera ni mipini ya jembe, na watoto wanatoa panda za manati.

Kwa kazi walinicheka. Mimi na mwenzangu Shabani tunachemsha ngazi, matunda ya kutoa mawese, kwa pipa. Nilikuwa naweka shina yangu juu ya mvuke ya pipa ilainike, nipate kuinyoosha pale ilipinda.

Shabani akasema, "Baba Espe, hiyo manati yako utapiga nini nayo? Avio ikiruka juu?"

Siku ingine tena: "Muzee, ngazi zimeiva. Fimbo yako je? Tulete chumvi?"

"Chumvi weka kwa mudomo yako, ipoe."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Ilikuwa zamani sijacheka.

Upinde iko na mugongo na tumbo. Tumbo ni upande inakuangalia wakati unavuta. Mugongo ni upande ya inje, ya ganda. Baba alisema tumbo chonga unavyotaka, mugongo usiguse hata na ukucha. Mugongo njo inashika. Ukikata hata uzi moja ya mugongo, upinde itafia hapo. Na kwa hiyo mupera ni muzuri, inajivua ganda yenyewe. Mugongo iko laini tayari, kama mukono wa mutu ametoka kuoga.

Nilichonga tumbo na panga, kisha na kipande ya chupa, pole pole. Maganda yake nilikuwa nawashia moto ya maharagwe. Sikuwaza. Leo njo nawaza. Upinde inatoka nyembamba, muti mwingi unabaki chini. Ule muti wake sehemu kubwa nimeula mimi, na maharagwe.

Sasa kosa.

Baba alipaka upinde mafuta ya ng'ombe, akaning'iniza juu ya moshi ya jiko. Mimi sina ng'ombe. Niko na mawese. Hapa kwetu kila kitu tunapaka mawese, mupini, mulango inalia, ngozi ya mutoto. Nikapaka upinde, kila siku, isipasuke. Na jiko sina. Nimepanga chumba Kizuka, napikia inje. Nikalaza upinde chini ya kitanda.

Kile kitu ilikuwa inanukia chakula. Ningekuwa panya na mimi ningekula.

Asubuhi moja nikaivuta, nikakuta meno kwa mugongo, katikati kidogo juu. Siyo shimo kubwa. Kama mutu ameonja. Nilikaa chini. Nilitaka kulia, haikutoka. Nikafunga pale na uzi ya nyavu ya samaki ndagala, nikazungusha nikakaza.

Shabani aliona akasema, "Umeifunga bandeji. Sasa ipeleke hospitali." Nikageukia pipa. Akaelewa. Akaniletea uzi ingine, ngumu zaidi.

Niliitia kamba ya kuvutia, lakini sikuivuta mupaka mwisho hata siku moja. Nilivuta kidogo, narudisha. Ilikuwa inapinda vizuri. Nasema kweli, ilikuwa nzuri.

Leo nyuma ya misa mabukwe, mama ya Konsolata, alifika kutoka Kigwena. Kwa chumba ya mukwe haingii, ni mwiko. Nikamutolea kiti inje.

"Amahoro, mukwe wangu. Espe aliniambia uko na kitu ya Konsolata. Ilete nione."

Nikaleta. Akainusa.

"Mbona iko na harufu ya mandazi?"

"Ni mawese, mama."

"Na hii uzi imezungushwa hapa katikati?"

"Panya alikula."

"Panya wa Kizuka hawana adabu!" Akacheka.

Ile kicheko ilikuwa ya Konsolata. Ile ile, yenye inaishia kwa pua. Sijaisikia tangu alipokufa. Nilisimama nasikiliza kama mujinga, na hapo njo nilichelewa.

"Inavutika?"

"Sijaivuta yote. Naogopa."

"Unaogopa kijiti? Sasa ni upinde ya nini? Angekuwa hapa angekucheka."

Akasimama. Ni muzee lakini mikono ni ya jembe. Akashika katikati, akaanza kuvuta. Mabukwe haumunyanganyi kitu kwa mukono. Haumupigii kelele. Nilisema, "Mama, pole pole." Sauti ilitoka kidogo, hakusikia.

Ilikatika pale pale panya aliweka meno. Kuku wa jirani walikimbia.

Aliangalia vipande viwili, vinaning'inia kwa uzi. Akasema "Yoo, mwananje, mwana wangu." Kisha akakaa chini, kwa udongo, na nguo zake za misa. Siku ya kuzika hakulia. Watu walimusema sana, eti moyo yake ni jiwe. Leo alilia mupaka majirani wakatoka kuangalia.

Mukwe hashiki mabukwe. Nilisimama tu, mikono yangu inaning'inia.

Nilimwambia, "Ni panya, mama. Siyo wewe."

Ni kweli. Lakini ndani nilikuwa nasema maneno ingine. Nilimuchukia. Mama ya bibi yangu, analia mbele yangu, na nilimuchukia. Hata sasa naandika, iko bado kidogo.

Alipomaliza akapangusa uso, akasema, "Nipe moja nitembelee nayo. Magoti inauma." Nikakata uzi, nikamupa ile ndefu. Alienda nayo mupaka barabarani kungoja gari. Toka mbali, vile anaegemea, ungesema ni fimbo tu ya mubibi.

Mimi nimebaki na ile fupi. Iko na meno ya panya kwa mwisho. Mupera ukiukata unachipuka tena, kila mutu anajua. Lakini kisiki yake iko chini ya ziwa. Hakuna kitu itachipuka pale isipokuwa samaki.

Nimeiosha na sabuni, mafuta itoke. Haitoki.

Kesho niko kwa pipa na Shabani, na pipa itataka kuni. Hii kipande siyo kuni. Upinde siyo tena. Konsolata siyo.

Ni nini basi? Na nitailaza wapi?