Msimu Bila Namba Tano

Jeppestown, Johannesburg
Julai 2018

Kwako Dada Mwasiti,

Asalaam aleikum, na shikamoo dada yangu. Nakuamkia kwa niaba yangu na ya cherehani yangu, maana ndiyo inayonisikia nikikutaja kutwa nzima. Goti linaendeleaje? Binti yako Rehema aliniandikia kwamba siku hizi unashuka sokoni bila kushikwa mkono, nikashukuru. Sukari ya shemeji imetulia? Na mama yetu bado anakataa migebuka iliyokaushwa na mtu mwingine? Mimi ni mzima, ukiacha baridi. Julai ya huku si mwezi wa kukaa kwenye chumba cha bati. Sindano naishika bila kuihisi, na mara mbili wiki hii nimeshona kidole changu mwenyewe.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Dada, tangu siku ile nilipokupigia na habari ile, hupokei tena simu yenye namba ya huku. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, simu yenyewe ningeitupa ziwani. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono, na Mama Tatu, yule muuza vitenge wa Turffontein ambaye kwao ni Mwanga ya Kigoma, ameahidi kukukabidhi wewe mwenyewe pamoja na kifurushi. Macho yakikusumbua, Rehema akusomee barua, lakini kifurushi ukifungue wewe, tena usikifungue mpaka tufike mwisho.

Kila mwaka kabla ya ligi ya vyuo kuanza, mtoto wetu Idrisa alikuwa anakuja hapa kwangu kutoka chuoni, anakaa juu ya gunia la vitambaa, anakupigia na kukueleza timu yao nzima, kuanzia golini mpaka mbele. Mimi nilikuwa nashona huku nawasikia. Unamuuliza, "Na yule wa mguu wa kushoto, mama yake amepona?" Uliwaombea dua wote kwa majina, watoto wa Kizulu na wa Kisotho ambao hujawaona hata kwa picha, mpaka kipa akawa anamtuma Idrisa akwambie uanze naye. Mwaka huu hakuna aliyekupigia. Nimeona kazi hiyo niifanye mimi. Ndimi ninayewashonea, na pale jukwaani hakuna mwanamke anayenizidi kwa kelele.

Basi timu ni hii. Golini yuko yule yule Sipho, mrefu na miguu mizito. Mipira ya juu yote ni yake, ila ule wa chini upande wa kushoto bado unampita akiutazama. Beki ya kulia yuko Lindani, hodari wa kupanda mbele na hodari zaidi wa kusahau kurudi. Kushoto wamemleta kijana mpya kutoka Limpopo, mfupi, ana hasira za karibu, namtegemea sana. Katikati, Thabo amepewa unahodha. Huyu ndiye wako wa mguu wa kushoto, na mama yake amepona kabisa, alhamdulillahi, amerudi kazini. Thabo ana akili ya mpira lakini ana huruma iliyozidi. Akikanyagwa, anaomba msamaha yeye. Mawinga sitawataja. Unanijua mimi na mawinga. Mtu anapiga chenga ya tatu, anasimama kurekebisha nywele, mpira umeshakwenda.

Mbele tumepata pigo. Mfungaji wetu amehitimu, ameajiriwa benki. Juzi nilimwona Braamfontein amefunga tai, anakimbilia basi, na basi likamwacha. Nikajua kweli mpira ameuacha. Nafasi yake anaigombea kijana mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye kwenye mechi za kirafiki amefunga vizuri, ila anaogopa kugusana na watu.

Ukiniuliza mimi, nusu fainali tutafika. Mechi ya kwanza ni nyumbani na wale wa Pretoria, na hao watatoka jasho. Wa kuogopwa ni wale wa Cape Town, wana pesa na wana mabeki kama makabati. Shida yetu sisi ni kona. Msimu uliopita, tangu ile Jumanne, kila kona iliyopigwa golini kwetu nilikuwa nafumba macho, kwa sababu pale nyuma hapakuwa na mtu wa kusema. Idrisa ndiye aliyekuwa anasema.

Utakuwa umeona kwamba namba tano sijakutajia. Nimeiruka kwa makusudi.

Dada, naomba unisikilize hapa. Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Uso wake umeuona?" Nikasema nimeuona. Ukasema, "Basi mimi sijauona," ukakata. Hatujazungumza tena. Sasa nakwambia nilichokiona, kwa sababu nadhani una haki nacho. Jumanne ile alikuwa mazoezini, mchana, hakuna aliyemgusa. Thabo anasema alisimama kama mtu aliyeitwa, akaweka mkono kifuani, akalala chini. Nilipofika hospitali nilifunuliwa shuka nikamwona. Alikuwa na unyasi mkavu kwenye nyusi, nikautoa kwa kidole. Uso ulikuwa wake, Dada. Lile kovu la chini ya kidevu, la alipoanguka na baiskeli ya shemeji, lilikuwepo. Tulimzika kesho yake kama dini inavyotaka, na wewe ulikuwa Ujiji huna hata pasipoti. Timu nzima ilikuja na suti zao za michezo, Wakristo kwa Waislamu, na walipokezana koleo mpaka kaburi likajaa. Hilo ndilo nililoliona.

Rehema ameniambia jambo, usimgombeze. Amesema kila Ijumaa bado unaiombea timu, majina yale yale ya mwaka jana. Yule wa benki bado unamwombea mabao. Na Idrisa unamtaja katikati yao, baada ya Lindani na kabla ya Thabo, kwenye dua ya afya na ushindi. Kwenye dua ya marehemu hajawahi kutajwa hata mara moja, na matanga hujakubali yaanuliwe. Niliposoma maneno hayo nilizima cherehani nikalia mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwanzoni mwa mwezi, Lerato, msichana wa Kisotho ambaye ni meneja wa timu, aliniletea mfuko wa jezi. Ndiyo kazi yangu ya kila msimu, kukaza pindo na kubandika upya namba zilizobanduka. Nikazitoa moja moja. Chini kabisa nikakuta namba tano. Niliijua kabla ya kuona namba, kwa sababu pindo la mkono wa kushoto ni la uzi wa kijani. Mwaka juzi uzi mweupe uliniishia usiku wa kuamkia mechi, nikamalizia na wa kijani, na baadaye Idrisa akanikataza kuufumua. Alisema iache hivyo hivyo, ni bendera ya nyumbani.

Nikamuuliza Lerato nani anaivaa sasa.

"Eish, Mama Zai, hakuna," akasema. "Mmoja aliivaa mazoezini akaivua kabla ya mapumziko. Anasema mgongo ulikuwa baridi tu. Mwingine hata kuigusa hataki. Kocha anasema wewe ndiye familia, useme. Tuiweke kabatini moja kwa moja, au apewe mtu?"

Nikamwambia mimi ni mama mdogo tu, mwenye mtoto yuko Ujiji. Akaniangalia kama hakunielewa, akasema sharp, yaani sawa, atarudi, akaniachia jezi mezani. Siku hiyo sikushona kitu. Kila nilipoinua macho naiona imelala pale imenyoosha mikono. Nikaikunja, nikaikunjua. Nikakumbuka kwamba kwetu nguo ya marehemu haikunjwi na mtu mwingine mama yake akiwa hai. Zile nyingine zake zote ziko sandukuni chini ya kitanda changu, sijatoa hata soksi sadaka, nakungoja wewe. Hii tu ndiyo ilibaki nje, kwa sababu ilikuwa mali ya chuo, na ikawa inazungukazunguka migongoni mwa watoto wa watu bila ruhusa. Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa, lakini ule mgongo baridi niliuamini.

Siku chache baadaye akaja Trezo kupima bukta. Huyu ni mtoto wa Wakongo wa Turffontein, amezaliwa hapa hapa, ndiye beki mpya anayetarajiwa kukaa katikati. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na mama yake ameshachoka kumgombeza. Akaiona jezi mezani. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, "Mama Zai, ile nguo, mama yake alisema nini?"

"Bado hajasema."

"Basi mi siwezi vaa. Kocha atanipa, nitakataa. Mpaka mama yake aseme. Kwetu iko vile."

"Na akisema ndiyo?"

Akatazama chini. "Niko naogopa. Lakini niko nataka."

Dada, chuo kizima kina maprofesa, na huyu ndiye wa kwanza kuuliza habari zako.

Nilitaka niishie hapo nikutumie jezi na salamu. Lakini Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwatazama mazoezini, na lililonipata huko ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Unakumbuka Idrisa aliwafundisha Kiswahili cha uwanjani. Adui akimjia mwenzake mgongoni, yeye kutoka nyuma anaita, "Mtu nyuma!" Wapinzani hawakuelewa kitu. Wale wa Pretoria walidhani ni jina la mchezaji wetu mmoja, wakawa wanatafuta Mtunyuma ni yupi wamkabe. Alipofariki walinyamaza wote. Msimu uliisha timu ikicheza kimya, ukasikia mpira na viatu tu.

Basi Jumamosi nimekaa pale pale ninapokaa siku zote, nimejifunika blanketi, jua linawaka na halina joto, nyasi zote zimekuwa kahawia. Nilikuwa nimeinamia kifungo cha koti langu. Nikasikia, "Mtu nyuma!"

Kwa sauti yake, Dada. Ile "nyuma" ya kuvutwa kidogo mwishoni, ya Ujiji, ambayo hapa Johannesburg hakuna anayeitamka hivyo. Niligeuka haraka mpaka shingo ikauma. Nyuma yangu palikuwa na viti vitupu. Nikasoma nilichokumbuka cha Kurani. Ikaitwa tena. Safari hii nilitazama uwanjani, nikaona mdomo. Alikuwa Lindani, Mzulu kabisa, ambaye hana neno lingine la Kiswahili kichwani mwake. Kisha Sipho kutoka golini. Kisha yule wa Limpopo, ambaye Idrisa hakumkuta. Wote wanaita, na wote wanalitamka kama yeye, kwa kuwa wa zamani hawakulisikia kwa mtu mwingine, na wapya wamelipokea kwao. Mwisho akaita Trezo. Mtoto anayekataa Kiswahili mezani kwa mama yake aliita kama mtu aliyezaliwa Ujiji. Sikujua nifurahi au nikimbie, nikakaa tu pale pale.

Sasa fungua kifurushi. Ni hiyo jezi. Nimeifua kwa mkono, nimeianika kivulini, na sijaikunja. Nimeizungusha tu kwenye kitenge. Pindo la kijani sijaligusa. Mama Tatu atakaa Kigoma wiki mbili. Kocha ameniahidi kwamba mpaka atakaporudi, beki wa katikati atacheza na namba nyingine, hata kama ni kinyume na mpangilio wao.

Ukiweza kuikunja, Dada, ikunje kwa mikono yako, umpe Mama Tatu airudishe, na Trezo aivae kwa kauli yako. Halafu Ijumaa umwombee Trezo baada ya Lindani na kabla ya Thabo, na Idrisa umhamishie kwenye ile dua nyingine. Ukishindwa, kaa nayo. Ni yako kabla ya kuwa ya chuo, na nitamwambia kocha namba tano imekwenda nyumbani. Hakuna atakayekuuliza. Ila usiiache katikati, si yako wala si ya timu, maana katikati ndipo tunapoteseka sote, na nahisi Idrisa naye vilevile.

Nisalimie mama yetu, mwambie kitambaa cha kanga yake nimekipata. Nisalimie shemeji yangu, baba wa mtoto wetu, ambaye najua halii mbele yako. Rehema mpe busu, aendelee na masomo. Ustadhi wa madrasa aliyemfundisha Idrisa juzuu yake ya kwanza mpe salamu za heshima. Na jirani yako wa mawese, mwambie chupa yake ilifika, imeshakwisha.

Jumamosi nitakwenda tena uwanjani. Wataita, nami nitajua kuwa ni Lindani, nitajua kuwa ni Sipho, nitajua kuwa ni yule mtoto wa Turffontein. Hata hivyo nitageuka tu.

Ni mimi mdogo wako, niliyemwona kwa niaba yako,
Zaituni