Miguu Safi ya Alhamisi Kuu

Jumapili, 22 Machi

Tangu Noeli sijaandika hata mstari. Aibu. Mwalimu mstaafu hana udhuru.

Leo Padri Éphraïm amehubiri vizuri, nakiri. Amesema anayejinyima nyama huku akimwacha maskini nje hajajinyima kitu. Kwaresima bila haki ni njaa tu. Darius, mwenyekiti wa baraza la parokia, akapiga makofi. Makofi! Katika Kwaresima!

Jumanne, 24 Machi

Baraza la mpiga makofi limeamua: Dancille atoke katika chumba cha katekesi kabla ya Pasaka. Ni mjane aliyekimbia vita kule Masisi. Analala humo na watoto wake tangu kambi ya wakimbizi ya Mugunga ivunjwe. Chumba kinahitajika kwa ajili ya vinywaji vya sikukuu. Kreti za bia zina haki ya paa. Mjane hana.

Ijumaa, 27 Machi

Darius amekuja kwangu na heshima tele. Nimechaguliwa niwe mmoja wa kumi na wawili watakaooshwa miguu Alhamisi Kuu. Wengine? Mwenye duka la simenti, daktari, shemeji yake Darius. Watu wa soksi. Kisha, bila haya:

"Muzee, tunaomba tu kila mutu anawe miguu na sabuni mbele ya kuja. Padri asichafuke."

Mitume wa saluni! Nikamwambia nafasi yangu ampe Dancille: miguu yake imechanwa na mawe ya volkano, angalau maji yatapata kazi. Akacheka. Alidhani ni mzaha wa kizee.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekwenda barazani. Nimewaambia kwamba Dancille akitolewa, mguu wangu hautatoka kiatuni. Nimewaita Mafarisayo, na sijuti. Dancille alikuwa akifagia ukumbi, hakuacha kufagia. Ndipo Darius, kwa upole unaoudhi:

"Papa Ferdinand, aneksi yako kule nyuma ya nyumba, iko na mutu?"

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Nimejibu kwamba aneksi, kile chumba cha nje, ni ya mwanangu Modeste, aliyehamia Kinshasa, atarudi. Darius akaitikia: ndiyo, papa, atarudi. Adabu yenye sumu! Ufagio ukatulia kidogo, kisha ukaendelea.

Jumatano, 1 Aprili

Chumba cha katekesi kimetiwa kufuli tangu asubuhi. Dancille ameketi uani mwa parokia juu ya godoro lililokunjwa, na watoto. Wingu jeusi liko juu ya ziwa. Wanabaraza wanapita na kreti, wanamsalimu vizuri sana. Wanafiki.

Darius ametuma ujumbe: kiti changu cha kesho bado kipo.

Nimefungua aneksi — kuingiza hewa tu. Kitanda cha Modeste ni kipana. Paa halivuji. Modeste hajapiga simu tangu Noeli.

Mvua imeanza.

Sabuni iko mezani, na ufunguo wa aneksi kando yake. Nikishajua nitachukua kipi, nitaandika.